Ukungu wa Belmont Park

Julai 22, 1919, siku ya Jumanne, ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja wa Belmont Park, Long Island, nje kidogo ya jiji la New York. Ndege ya posta ilikuwa na safari, na barua zilikuwa zikisubiri. Rubani Leon Smith alitazama hali ya hewa akasema haruki. Zamu akapewa mwenzake, Hamilton Lee. Naye akakataa. Amri ikaja kutoka Washington: wote wawili wafutwe kazi.

Siku tatu kabla ya hapo mwenzao Charles Lamborn alikuwa amekufa. Alianguka karibu na Bellefonte, mji mdogo wa Pennsylvania ambako ndege za barua zilishuka kujaza mafuta katikati ya milima ya Allegheny. Ukungu ndio uliomfunika. Smith na Lee walipoutazama ule wa Belmont Park walikuwa wakiangalia kitu ambacho siku chache tu nyuma kilikuwa kimemmaliza mtu waliyemfahamu.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwa marubani wa wakati ule swali lilikuwa namna ya kutia maji: uache kazi, uendelee kuruka ukimwachia Mungu, au usimame umwambie mwajiri kwamba leo hapana?

Huduma ya barua kwa ndege ya Marekani ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili tu. Ilianza Mei 15, 1918 kati ya Washington, Philadelphia na New York, Rais Woodrow Wilson akiwa uwanjani kushuhudia. Wanajeshi ndio waliorusha ndege za kwanza, na siku hiyo ya uzinduzi rubani aliyeondoka Washington alipotea njia, akaelekea kusini badala ya kaskazini, akaangukia shambani Maryland. Agosti mwaka huo Posta iliichukua kazi yenyewe na kuajiri raia.

Msimamizi wake alikuwa Otto Praeger, naibu wa Waziri wa Posta, mtu aliyetoka kwenye uandishi wa habari na ambaye hakuwa rubani. Haki yake apewe. Praeger aliamini kwamba mfanyabiashara hatalipia stempu ya ndege kama ndege yenyewe inangoja jua litoke, na kwamba Bunge halitatoa fedha kwa huduma isiyofika kwa wakati. Reli haikusubiri ukungu uondoke, kwa nini ndege isubiri? Kwa hiyo alisisitiza safari ziendelee kwa ratiba. Aliyelalamika kwamba haoni mbele aliambiwa afuate dira.

Amri hiyo iliandikwa na mtu aliyekaa kitini, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Dira haimwambii rubani kama bawa lake moja limeinama. Ndani ya sikio la binadamu mna maji yanayomjulisha kama yuko wima au amelala upande. Ndege ikigeuka polepole kwa muda mrefu, maji hayo hutulia, na mwili huamini kwamba uko sawasawa. Siku ya jua macho husahihisha kosa hilo papo hapo, kwa sababu upeo wa macho unaonekana. Ndani ya ukungu hakuna wa kusahihisha. Ndege hujizungusha kuelekea chini, kasi inapanda, rubani anavuta usukani ili aipandishe, na kule kuvuta ndiko kunakoukaza mzunguko. Wengi walitoka chini ya wingu wakiwa wameinama, ardhi ikiwa karibu mno. Werevu wala ujasiri haukusaidia kitu. Mwili wenyewe ulikuwa ukidanganya.

Njia ya pekee iliyobaki ilikuwa kuruka chini ya ukungu, ukifuata reli, mto au barabara, ukipita juu kidogo ya miti. Juu ya tambarare mtu mzoefu aliweza. Juu ya milima ya Allegheny, ambako vilele huingia ndani ya wingu, njia hiyo ilikuwa mtego.

Habari za kufukuzwa kwa wale wawili zilipowafikia wenzao, marubani walitangaza kwamba hawataruka mpaka warudishwe. Huo ukawa mgomo, unaotajwa katika historia ya Marekani kuwa wa kwanza wa marubani. Ulidumu siku chache tu. Magazeti yalikaa upande wao, na ni rahisi kuona kwa nini: msomaji yeyote alielewa kwamba barua ikichelewa itafika kesho, na aliyeangukia mlimani hafiki kamwe. Praeger alilegeza msimamo. Uamuzi juu ya hali ya hewa ukashuka kutoka ofisi ya Washington hadi kwa wasimamizi wa viwanja, watu wanaouona ukungu kwa macho yao. Marubani walisimulia baadaye kwamba msimamizi aliyeng'ang'ania safari iendelee aliweza kutakiwa apande yeye kwanza akaonje hewa. Lee alirudishwa kazini. Smith hakurudishwa.

Sehemu hii ya historia ya urubani haisimuliwi vya kutosha. Vitabu vinapenda shujaa mmoja dhidi ya dhoruba. Mgomo wa 1919 unaonyesha watu wa kazi waliokaa pamoja na kuipima hatari kama mafundi wanavyopima mbao, wakakubaliana ipi ni sehemu ya kazi na ipi ni uzembe wa mwajiri. Hawakudai kuruka siku za jua peke yake. Walidai kwamba asiyepanda asiwe mwamuzi wa anayepanda.

Vifo havikukoma. Septemba 1, 1920 alikufa Max Miller, mmoja wa marubani wa kwanza kabisa walioajiriwa na Posta, pamoja na fundi wake. Ndege yao mpya ya chuma, Junkers JL-6, iliwaka moto angani huko New Jersey. Wiki mbili baadaye nyingine ya aina hiyo iliwaka Ohio na kuua rubani na fundi. Ndege hizo zikasimamishwa. Ile ya de Havilland iliyobeba barua nyingi zaidi ilikuwa imetoka vitani ikiitwa jeneza la moto. Katika muundo wake wa kwanza rubani alikaa kati ya injini na tangi la mafuta, na ikianguka, tangi lilimsukuma kwenye injini ya moto. Posta iliibadilisha: rubani akahamishiwa kiti cha nyuma, magunia yakakaa mbele alipokuwa yeye. Badiliko hilo dogo, lililofundishwa na miili ya watu, liliwaokoa wengine ambao hatutawajua kwa majina.

Februari 22 na 23, 1921, Posta ilijaribu kuvusha barua bara zima kwa kupokezana, mchana na usiku. Rubani mmoja alikufa Elko, Nevada. Jack Knight alipofika Omaha kutoka North Platte, alikuta wa kumpokea hayupo, kwa kuwa ndege ya upande wa mashariki ilikuwa imekwama Chicago kwa hali mbaya ya hewa. Akaendelea mwenyewe hadi Chicago, gizani na katika theluji, watu chini wakiwasha mioto ya kumwongoza. Barua zilivuka kutoka San Francisco hadi New York kwa muda wa saa 33 na ushee, na Knight akawa jina la kila gazeti. Alistahili sifa zile. Lakini waliokwama Chicago nao walikuwa na hukumu sahihi juu ya anga lile lile, na hao hakuna gazeti lililowapigia kelele.

Baada ya hapo akili iliyotumika kulaumu marubani ilianza kutumika kuwaangazia njia. Kufikia Julai 1924 ndege za barua ziliruka kila usiku kati ya Chicago na Cheyenne zikifuata taa kubwa zinazozunguka juu ya minara. Huduma ilipata tuzo ya Collier mara mbili, na ile ya 1922 ilikuwa kwa mwaka mzima bila ajali ya kuua. Septemba 24, 1929, Jimmy Doolittle alipaa na kutua huko Long Island akiwa amefunikwa asione nje, akitegemea vipimo pekee, kimoja kikimwonyesha upeo wa macho usioonekana. Jibu la ukungu lilikuwa limepatikana, miaka kumi baada ya Lamborn.

Jibu likipatikana si lazima litumike. Februari 1934 Rais Franklin Roosevelt alifuta mikataba ya kampuni za ndege, ambazo wakati huo zilikuwa zimeichukua kazi hiyo kutoka Posta, na kulikabidhi jeshi barua, katikati ya majira ya baridi. Vijana wa jeshi, wengi bila uzoefu wa usiku wala wa kuruka kwa vipimo, walipewa amri nao wakatii. Walianza kufa hata kabla ya siku rasmi ya kuanza, na zaidi ya 10 walikufa katika miezi michache mpaka kazi iliporudi kwa kampuni. Askari hana mgomo. Marubani wa kampuni, kwa upande wao, walikuwa wameunda chama chao tangu 1931.

Leo rubani anayeondoka Nairobi, Dar es Salaam au Chicago ndiye mwenye neno la mwisho juu ya usalama wa ndege yake, na hilo limo katika kanuni za kimataifa.

Hamilton Lee aliendelea kuruka. Alihamia kampuni ya United, akastaafu 1949 baada ya kusafiri angani zaidi ya maili milioni 4. Alifariki mwaka 1994, akiwa na umri wa miaka 102.