Nyanza-Lac: mji wenye ziwa mara mbili katika jina lake

Kabonga iko katika eneo la Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika na karibu na mpaka wa Tanzania. Ng'ambo ya mpaka huo kuna Kagunga, kijiji ambako maelfu ya Warundi walikimbilia mwezi Mei 2015 kabla ya meli ya Liemba kuwapeleka Kigoma.

Jina la Nyanza-Lac limeunganishwa kutoka lugha mbili. Nyanza ni neno la Kibantu ambalo kwa Kiswahili humaanisha ziwa au eneo kubwa la maji. Lac nalo ni ziwa kwa Kifaransa. Anayelitafsiri neno kwa neno anapata "Ziwa-Ziwa".

Hata hivyo, nyongeza hiyo ina kazi yake. Kusini mwa Rwanda kuna Nyanza nyingine, iliyokuwa makao ya wafalme wa nchi hiyo, nayo imejengwa vilimani. Hadi tarehe 1 Julai 1962 nchi zote mbili zilitawaliwa pamoja na Ubelgiji kwa jina la Ruanda-Urundi, na barua iliyoandikwa "Nyanza" pekee ingeweza kufika pasipotarajiwa.

Katika ukanda huu wa michikichi, jina la mahali ni jambo zito. Mauaji ya mwaka 1972, yaliyoanza mwishoni mwa Aprili, yaliwafukuza wakazi wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac. Wengi waliishi miongo kadhaa Tanzania, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Waliporejea, hasa kuanzia 2008, walikuta mashamba yao mikononi mwa wengine, baadhi yao wakiwa na hati za serikali. Kesi za namna hiyo hutegemea majina: ya mlima, ya mto, ya jirani aliyepakana na shamba.

Ramani nayo imebadilika. Kwa sheria ya mwaka 2023, iliyoanza kutekelezwa 2025, mikoa 18 ya Burundi imepunguzwa kuwa mitano, na tarafa 119 kuwa 42. Makamba, uliokuwa mkoa wa Nyanza-Lac, umeingizwa katika mkoa mpya wa Burunga pamoja na Bururi, Rutana na sehemu kubwa ya Rumonge. Rumonge ilikuwa mkoa kwa miaka kumi tu, tangu 2015. Tarafa mpya ya ufukoni sasa inaitwa Nyanza. Neno la Kifaransa limeondolewa.