Historia ya Miguu Mitatu ya Plagi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, chuo chetu hupokea wanafunzi wa Kiswahili kutoka Bujumbura, Kigali, Goma na pande zote za Uganda. Baadhi yao huja na chaja zenye miguu miwili ya duara. Wanapokuta soketi za bwenini zina matundu matatu ya pembe nne, huchukua kalamu, wakaisukuma katika tundu la juu, kisha wakachomeka chaja. Simu inaanza kuingia chaji na shughuli zinaendelea. Aghalabu hakuna anayejiuliza tundu lile liliwekwa kwa sababu gani. Katika makala haya tunaeleza historia yake, kwa kuwa inahusu maisha ya watu.

Tuanze na lugha. Neno umeme kwa asili ni ule mwanga unaopasua mawingu wakati wa mvua, na Waswahili walilipanua maana ili litaje nguvu mpya iliyoingia majumbani. Kenya, na hata hapa Uganda, husikika pia neno stima, lililotoholewa kutoka neno la Kiingereza la mvuke. Waganda nao husema amasannyalaze, neno linalohusiana na kitenzi okusannyalala, yaani kufa ganzi au kupooza. Ni dhahiri kwamba waliobuni jina hilo walikuwa wameshajua umeme unavyoutenda mwili.

Bodi ya Umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, na bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilizinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954. Kwa kuwa nchi ilitawaliwa na Waingereza, soketi zake zilifuata kanuni za Uingereza. Rwanda, Burundi na Kongo zilitawaliwa na Wabelgiji, nazo zikarithi plagi za miguu ya duara. Hivyo basi, mpaka wa wakoloni unaonekana hadi leo ukutani.

Huko Uingereza kwenyewe, kabla ya Vita Kuu vya Pili plagi zilikuwa za maumbo na ukubwa mbalimbali. Vita vilipokuwa vikiendelea, kamati iliteuliwa kupanga namna nyumba mpya zitakavyowekewa umeme. Mwanamke pekee katika kamati hiyo alikuwa Caroline Haslett, mhandisi aliyeongoza chama cha wanawake wa umeme kilichoanzishwa mwaka 1924. Kamati ilitilia mkazo usalama wa watoto, na kanuni ya plagi mpya ikatolewa mwaka 1947.

Plagi hiyo ndiyo tunayoitumia Uganda, Kenya na Tanzania. Mguu wa juu ni mrefu kuliko mingine kwa sababu mbili. Kwanza, unaunganisha kifaa na ardhi kabla umeme haujaingia. Pili, unafungua vifuniko vidogo vilivyoziba matundu mawili ya chini, ili mtoto mwenye msumari asiufikie umeme. Ndani yake mna fyuzi, ambayo huyeyuka umeme ukizidi, kabla waya haujashika moto.

Sasa tuirudie kalamu. Anayeisukuma katika tundu la juu anafungua vifuniko kwa nguvu, na vikivunjika soketi hubaki wazi. Miguu ya duara nayo haishikwi barabara mle ndani, hivyo soketi hupata joto na hata kuungua. Anayeondoa fyuzi iliyoungua akaweka kipande cha waya au karatasi ya sigara naye ameondoa kinga hiyo.

Hata hivyo, fyuzi hulinda waya, haimlindi mtu. Fyuzi kubwa ya plagi ni ya ampea 13, ilhali miliampea 30 tu zikipita kifuani zinaweza kuua, yaani chini ya sehemu moja ya 400 ya kiasi hicho. Ndiyo maana nyumba inahitaji waya wa ardhi uliofungwa na fundi anayejua kazi, pamoja na swichi kuu inayokata umeme mara tu unapovuja.

Tunawaasa wanafunzi wetu wanunue adapta iliyo imara. Mwenzenu akipigwa na umeme, msimguse kwa mikono mitupu: zimeni swichi kuu kwanza. Nasi walimu hatuna budi kufundisha msamiati huu: plagi, soketi, fyuzi, waya wa ardhi. Mwanafunzi anayejua kutaja mguu wa tatu na kueleza kazi yake hatauchezea kwa kalamu.