Kuingia Shuleni na Kuelewa: Elimu kwa Wote katika Kitui na Makueni tangu 1963

Makala haya yanakusudia kuitazama upya safari ya Kenya ya kutafuta elimu bora kwa wote, tangu uhuru mwaka 1963 hadi leo, kwa kuiangalia kutoka Kitui na Makueni. Tumezichagua sehemu hizi si kwa sababu tu mwandishi ni mzaliwa wa huko, bali kwa sababu huko ahadi za elimu hujaribiwa na mambo mawili kwa pamoja, yaani ukame na lugha. Kuhusu ukame yameandikwa mengi. Kuhusu lugha yamesemwa machache, na aghalabu yamesemwa na watu wasiokijua Kikamba. Wanahistoria wa elimu wamezoea kuhesabu watoto walioandikishwa, madarasa yaliyojengwa na walimu walioajiriwa, na hesabu hizo si za kudharauliwa hata kidogo. Lakini kuingia shuleni ni jambo moja, na kuyaelewa yasemwayo humo ni jambo jingine. Dai letu ni kwamba, katika kila hatua ya safari hii, suala la lugha ya kufundishia liliamuliwa mwisho na kutekelezwa nusunusu, na kwamba mtoto wa Ukambani ndiye aliyeilipa gharama yake.

Yafaa kwanza msomaji aikumbuke nchi yenyewe. Kitui ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 30,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Makueni, iliyokatwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992, ina kilomita za mraba 8,000 hivi na watu 987,653. Mvua ni mbili kwa mwaka, na mojawapo haina budi kukosekana mara kwa mara. Akamba huzipa njaa zao majina, na majina hayo ndiyo kalenda yao. Ile ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani "nafa hali nimeshika", kwa maana fedha zilikuwamo mkononi lakini hapakuwa na chakula cha kununua. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo alijua mapema kwamba shule hufungwa na tumbo kabla haijafungwa na mwalimu mkuu. Ndiyo maana mpango wa chakula shuleni, ulioanza nchini mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani, umewaweka darasani watoto wengi wa Kitui kuliko hotuba yoyote tuijuayo.

Maandishi yalifika Ukambani mapema kuliko wengi wanavyodhani. Krapf alimfikia Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, huko Kitui mwaka 1849, na mwaka uliofuata tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ikapigwa chapa Tübingen. Kwa hiyo Kikamba kilikuwa na kitabu kilichochapwa zaidi ya miaka 40 kabla ya reli kufika Nairobi. Katika miaka ya 1890 wamisheni wa Leipzig walikuwa Ikutha, na mwaka 1895 Peter Cameron Scott akafungua kituo cha kwanza cha African Inland Mission huko Nzaui, katika Makueni ya leo. Misheni hizo zilifundisha kusoma kwa Kikamba kwa kuwa zilitaka Neno lisomwe. Hazikuwa na nia ya kumtoa mtu kijijini. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wazazi walilitambua upesi: shule ya Kikamba ilimfikisha mtoto kanisani, na shule ya Kiingereza ilimfikisha ofisini. Tofauti hiyo haijawahi kufutika vichwani mwa watu, na atakayeandika juu ya lugha za kwanza bila kuikumbuka atakuwa anajidanganya.

Uhuru ulipokuja, Tume ya Ominde iliketi, na taarifa yake ya mwaka 1964 ikapendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Tume haikulitunga jambo hili yenyewe. Mbinu mpya ya kufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo ilikuwa imejaribiwa katika shule za Wahindi mjini Nairobi tangu mwaka 1957, ikaonekana kufaulu, kisha ikasambazwa katika shule za Waafrika. Hapa yafaa tuulize: ilifaulu wapi, na kwa nani? Mtoto wa mjini anayesikia Kiingereza dukani na barabarani si sawa na mtoto wa Mutito anayekisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa mwalimu, ambaye naye huenda alikipata kwa miaka saba tu ya masomo. Kilichohamishwa kutoka Nairobi hadi Kitui kilikuwa kitabu. Mazingira yaliyokifanya kitabu hicho kisomeke yalibaki Nairobi.

Watu wenyewe hawakungoja serikali. Mwethya, ule utaratibu wa kale wa Akamba wa kufanya kazi kwa zamu na kwa pamoja, uliingia katika Harambee bila kubadili nguo. Wanawake walibeba mchanga na maji kutoka mitoni, wanaume wakachoma matofali, na shule zikasimama. Philip Mbithi, mwanasosholojia aliyeuandikia utaratibu huu kitabu pamoja na Rasmusson mwaka 1977, aliona kwamba nguvu ya Harambee ilitoka chini, vijijini. Hata ardhi ya Kwa Vonza, ilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichopewa hati yake mwaka 2013, ilitengwa kwanza kwa ajili ya chuo cha kilimo kilichoanzishwa kwa michango ya Akamba na kisichopata kukamilika. Waliotoa mbuzi wao kwa ajili ya chuo hicho wengi wao hawakuiona siku ya mahafali.

Kisha yakaja mawimbi ya elimu ya bure. Mwaka 1974 karo iliondolewa kwa madarasa manne ya kwanza, na wanafunzi wa shule za msingi nchini wakapanda kutoka karibu milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.7 kwa mwaka mmoja. Mara ada za ujenzi zikachukua nafasi ya karo, na wengi wakarudi nyumbani. Mwaka 1979 zikaja maziwa na ahadi mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja sera ya kugawana gharama. Mwaka 2003 serikali ya Kibaki ilifungua milango tena, kwa ruzuku ya shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, na idadi ikatoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Shule za kutwa za sekondari zilifuata mwaka 2008, na Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kuifanya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima, kuwa haki ya kila mtoto wakati sera ya kuwapeleka wote sekondari ilipotangazwa. Kwa upande wa neno "wote", basi, nchi imefika mbali, na mwenye kukataa hilo hakuishi Makueni miaka ya 1990.

Tatizo ni lile neno "bora". Utafiti wa Uwezo, ulioanza mwishoni mwa mwongo wa kwanza wa karne hii, ulikwenda majumbani badala ya kungoja mitihani, na katika taarifa zake za mwanzo ulionyesha kuwa takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili. Watoto hao walikuwa wamehesabiwa tayari miongoni mwa ushindi wa mwaka 2003.

Turudi kwenye lugha. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumiwe katika madarasa matatu ya kwanza, na Kiswahili kiwe somo la lazima lenye mtihani. Sehemu ya pili ya pendekezo hilo ilitimizwa mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na ndipo Kiswahili kilipopata heshima shuleni kwa mara ya kwanza. Sisi tunaokula mkate wake vyuoni tunajua hivyo. Sehemu ya kwanza ilibaki sera kwenye karatasi. Katika shule moja ya Makueni niliyosoma, aliyenaswa akisema Kikamba alivishwa kibao shingoni mpaka amnase mwenzake, na mwisho wa siku wote waliokivaa walichapwa. Wakati huohuo vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu vilikuwa kabatini. Sikuwahi kukiona kimoja wazi mpaka nilipokikuta katika maktaba ya chuo ng'ambo, nikiandika tasnifu ya uzamili.

Hasara yake ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa Kikamba na Kiswahili ni ndugu. Mtoto wa Kitui anayewahesabu mbuzi husema itatũ, inya, itaano, nyaanya, ĩkũmi. Mwalimu anayezijua lugha zote mbili anaweza kumwonyesha kwa dakika tano kwamba tatu, nne, tano, nane na kumi tayari anazo nyumbani, na kwamba zilizo ngeni kwake ni sita, saba na tisa, ambazo Kiswahili chenyewe kilizikopa kutoka Kiarabu. Anaweza pia kumweleza kwa nini ulimi wake hugeuza r kuwa l, kwa kuwa Kikamba hakina r, badala ya kumcheka. Kikamba kina irabu saba, Kiswahili kina tano. Aliyejifunza kuandika ĩ na ũ ana sikio lililokwisha kunolewa. Hakuna chuo cha ualimu kilichotilia jambo hili maanani kiasi kinachostahili.

Lakini haki inatudai tuutaje ushahidi unaotupinga. Kati ya mwaka 2011 na 2014 mradi wa PRIMR ulijaribu kufundisha kwa Kikamba huko Machakos na kwa Lubukusu huko Bungoma, ukilinganisha shule hizo na nyingine zilizopata mpango uleule bila lugha ya kwanza. Watoto waliofundishwa kwa lugha zao walisoma lugha hizo vizuri zaidi. Katika Kiingereza na Kiswahili hawakuwazidi wenzao, na katika hesabu walikuwa nyuma yao. Mpango wa Tusome uliofuata mwaka 2015 ukasambazwa nchi nzima kwa Kiingereza na Kiswahili peke yake. Wapo wanaoyatumia matokeo haya kuufunga mjadala. Mimi naona yanatuambia habari za walimu zaidi ya habari za lugha: mwalimu aliyesomea hesabu kwa Kiingereza tangu utoto hana msamiati wa Kikamba wa kuifundishia, na miaka michache ya mradi haiwezi kumpa. Isitoshe, vitabu vya Kikamba kwa kawaida hufuata lahaja ya Machakos, na mtoto wa Kitui hukutana humo na maneno asiyoyasikia kwao. Hata hivyo nakiri kwamba nilitarajia matokeo mengine.

Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umezirudisha lugha za kiasili katika madarasa ya chini, na mtihani wa KCPE, ambao kwa miaka 38 haukuwa na swali hata moja la Kikamba, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Elimu ya chekechea sasa iko mikononi mwa serikali za kaunti, na kwa hiyo Kitui na Makueni zinaweza kuajiri na kufunza walimu wa Kikamba bila kungoja Nairobi. Wazazi wengi bado watauliza Kiingereza kiko wapi, nao wana sababu.

Si muda mrefu uliopita niliketi nyuma ya darasa la gredi ya pili katika shule moja upande wa Mutomo. Mwalimu aliuliza kwa Kiingereza chungu cha maji hupoteza nini kikiachwa juani. Kimya. Akauliza kwa Kiswahili, mikono miwili. Akatazama mlango, akauliza kwa Kikamba, na darasa zima likainua mikono. Akamchagua msichana mmoja, akasikiliza jibu lake, kisha akaliandika ubaoni kwa Kiingereza, nao wakalinakili.