Akiba Iliyooza: Pai ya Tufaha na Michembe ya Bibi



Majuma mawili yaliyopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa hapa Mwanza, mkazi wa Nyakato, ambaye anajipatia riziki kwa kuoka mikate, keki na maandazi. Barua ilikuwa fupi lakini ilinikosesha usingizi. Mama huyo alipata oda ya pai za tufaha kwa ajili ya harusi. Akakopa fedha katika kikundi chao cha akina mama, akanunua maboksi mawili ya matufaha wakati bei imeshuka, akayamenya, akayapika kwa sukari na mdalasini, akatia konflawa ili yawe mazito, kisha akayajaza katika chupa za jemu na kuzifunga. Harusi ilikuwa wiki sita mbele. Wiki ya tatu vifuniko vikavimba. Alipofungua chupa ya kwanza povu likamrukia usoni. Chupa zote ishirini na nne zilimwagwa shimoni, na deni likabaki.

Mwishoni mwa barua anauliza: "Mwalimu, wewe unayesoma mambo ya kale, hao wenye pai zao waliwezaje? Kosa langu ni lipi? Au vitu hivi si vya kwetu?"

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya mama huyu imeoza, na yeye anataka kujua sababu. Mimi si mpishi. Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, na jikoni kwangu ninaaminiwa kuchemsha chai tu. Lakini swali lake la mwisho ni swali la historia hasa, nami leo nitajaribu kulijibu.

Tuanze na tunda lenyewe. Tufaha asili yake si Ulaya wala Marekani. Limetoka katika milima ya Asia ya Kati, upande wa Kazakhstan, ambako mpaka leo kuna misitu ya matufaha mwitu. Jiji kubwa la nchi hiyo, Almaty, jina lake linatokana na tunda hilo. Misafara ya biashara ililibeba kwenda magharibi, na watu wa kule wakajifunza kupandikiza vikonyo ili mti mzuri uzae mti mzuri. Hata jina tunalolitumia sisi tumelipokea kwa Waarabu. Tena ndugu zetu wa Pwani na Unguja, wakisikia tofaa, wengi hufikiria tunda jingine kabisa, lile jekundu lenye maji mengi, ambalo si jamaa wa hili.

Tufaha linataka baridi. Ndiyo maana hapa nchini linapatikana Lushoto, Njombe na Makete, na halipatikani katika mashamba ya kandokando ya ziwa letu. Yale tunayouziwa stendi, yenye kibandiko kidogo, mengi yanatoka Afrika Kusini. Kijana wa leo huenda asijue kwamba kwa miaka mingi nchi yetu haikufanya biashara na serikali ya makaburu, na tunda kama hilo kutoka huko lisingewekwa mezani hadharani. Mambo yalibadilika baada ya uchaguzi wa kule wa mwaka 1994. Na Aprili 2025, nchi hizi mbili zilipovutana kuhusu kuruhusu mazao, Serikali yetu ilizuia kwa siku chache mazao ya Afrika Kusini, matufaha yakiwamo. Kwa hiyo mama yetu wa Nyakato alikuwa anajenga biashara yake juu ya tunda linalosafiri maelfu ya kilometa na kupita mipaka ya watu wengine.

Sasa pai. Maelezo ya zamani ya Kiingereza ya kupika pai ya tufaha yaliandikwa na wapishi wa Mfalme Richard wa Pili, karibu mwaka 1390. Wanataja matufaha, mapea, tini, zabibu kavu, viungo na zafarani. Sukari haimo. Wakati ule sukari katika Ulaya iliuzwa kwa bei ya dawa. Utamu wa pai ile ulitoka katika tini na zabibu zilizokaushwa juani. Naomba msikilizaji akumbuke neno hilo, kukaushwa juani, maana tutalirudia.

Sukari ilikuja kuwa rahisi baadaye, na urahisi ule ulilipiwa na watumwa wa mashamba ya miwa ng'ambo ya Atlantiki. Nasi hatukuwa mbali na habari hizo. Pangani palikuwa na mashamba ya miwa katika karne ya 19. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mwenye shamba la miwa huko. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na wengi wao walikuwa wametolewa bara.

Wazee wa upande huu wa ziwa wanaijua sukari kwa namna nyingine. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, kiwanda cha sukari cha Kagera kilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoharibiwa. Ilikuja miaka ya foleni, kilo moja kwa kaya, na wageni kunywa chai ya chumvi. Kiwanda kile kilibinafsishwa mwaka 2001, na uzalishaji ukaanza tena mwaka 2004. Katika miaka ile ya foleni, nani angethubutu kupika matunda kwa sukari ili ayaweke chupani? Kwa hiyo tusishangae kwamba ufundi huo haukuota mizizi kwetu.

Lakini sukari peke yake haitunzi matunda ya pai, na hapa ndipo tunapokaribia kosa la mama yetu. Katika jemu, sukari inakaribia kulingana na tunda kwa uzito, nayo huyashika maji yote kiasi kwamba vijidudu havipati cha kunywa. Matunda ya kujazia pai yana sukari kidogo zaidi. Ulinzi wake ni moto na kifuniko. Ufundi huo uliandikwa mwaka 1810 na Mfaransa Nicolas Appert, mtengeneza peremende, ambaye serikali ya Ufaransa ilimpa zawadi ya faranga 12,000 kwa kazi hiyo. Alitia chakula katika chupa, akaziba, halafu akaichemsha chupa yenyewe, pamoja na vilivyomo, ndani ya maji. Kwa nini chakula hakikuoza, hakujua. Sababu ilieleweka miaka hamsini hivi baadaye, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba uozo huletwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho.

Mama yetu alikichemsha chakula, lakini hakuichemsha chupa. Hilo ni la kwanza. La pili ni ile konflawa. Uji mzito haupitishi moto vizuri. Pembeni mwa chupa hutokota, katikati hubaki na uvuguvugu, na vijidudu vya katikati vinasalimika. Ndiyo sababu wenye uzoefu huyahifadhi matunda katika maji yake mepesi ya sukari na ndimu, na uzito huutia siku ile ile ya kuoka.

Nilipolisoma jambo hilo la pili, nilishika kichwa, kwa sababu nililifahamu tangu utotoni na sikujua kwamba nalifahamu.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka tisa, kwetu Kwimba. Mvua zilikuwa haba, na mwaka huo huo Operesheni Vijiji ikafika zamu yetu. Tulihamia kijiji kipya. Paa lilibomolewa, miti ikapakiwa, lakini kihenge hakibebeki. Mtama kidogo uliokuwamo ulimiminwa katika magunia, na mwingine ukanyeshewa njiani. Bibi yangu mzaa baba alitembea nyuma ya gari kwa miguu, kichwani amejitwika chungu kilichofungwa ngozi, amekataa katakata kukipakia. Mimi nilidhani mna fedha.

Ndani mlikuwa na michembe na matobolwa. Kwa wasikilizaji wasiotoka Usukumani nieleze. Viazi vitamu huvunwa baada ya mvua za masika, vingi kwa mara moja, na kiazi hakikai. Kwa michembe, kiazi huachwa kinyauke, humenywa, hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa kikiwa kibichi. Kwa matobolwa, kiazi huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa. Bibi alianika juu ya mwamba, maana mwamba hushika joto hata jua likishuka. Alivigeuza kwa mkono, na jioni alivunja kipande kimoja na kukisikiliza. Kisipolia kama kijiti, kilirudi juani kesho yake.

Kuanzia Novemba, wakati ghala ni tupu na shamba ndiyo kwanza linalimwa, tulikula chungu kile. Michembe ilichemshwa, ikatiwa karanga zilizotwangwa, ikawa nzito na tamu bila chembe ya sukari. Siku moja nilimwuliza bibi kwa nini asichanganye karanga mapema, akaweka chakula kikiwa tayari. Akanijibu kwa Kisukuma, na maana yake ni hii: kilichokamilika ni cha kuliwa leo, cha kesho hakikamilishwi. Nilifikiri ananifukuza jikoni.

Wadogo zangu wawili walivuka msimu ule. Katika kaya jirani, watoto hawakuvuka wote. Sisemi kwamba chungu kile ndicho kilichowaokoa peke yake, lakini siwezi kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Historia tunayofundisha shuleni inataja nani alilima, nani aliuza, nani alitawala. Ni mara chache inataja nani aliyehifadhi. Nenda Mwaloni Kirumba uone dagaa waliokaushwa, wanaosafirishwa mbali kulisha watu wasiolijua ziwa hili. Ule ni ujuzi. Zile zabibu na tini za wapishi wa Mfalme Richard, ile michembe, wale dagaa: ni kanuni moja, kuondoa maji kabla uozo haujafika. Kwa hiyo, mama yangu wa Nyakato, hayo mambo ni ya kwetu pia.

Na sasa nakupa ushauri wa mtu asiyejua kupika, niliousahihishiwa na mke wangu. Acha tufaha kwa wenye oda maalumu. Tumia embe. Mwembe nao ulikuja, kwa misafara ya Pwani, ndiyo maana Tabora na Ujiji kuna miembe ya kale, lakini umeshakuwa mwenyeji, na kila msimu maembe yanaoza chini ya miti tukiyatazama. Chukua embe lililoanza kuiva na bado gumu. Limenye, likate vipande, tia ndimu bila ubahili, maana uchachu nao ni mlinzi. Chemsha sukari kiasi, maji na kijiti cha mdalasini, tumbukiza embe kwa dakika chache. Usitie konflawa. Kama una friza au jirani mwenye friza, gandisha humo. Ndiyo njia ya salama zaidi. Kama huna, kata vipande vyembamba, kausha mpaka visinate, na siku ya kuoka loweka, chemsha, ndipo utie konflawa au unga laini wa muhogo. Na chupa yoyote iliyovimba usiionje, hata kwa ncha ya ulimi.

Juzi nilimpelekea majibu haya nyumbani kwake kabla sijayatangaza. Alisoma, akanyamaza. Kisha akaniambia mama yake naye alikuwa akitengeneza matobolwa, Misungwi, na kwamba yeye aliacha kuyala alipohamia mjini kwa sababu wenzake walimcheka. Deni bado analo. Kikundi kimemwongezea miezi mitatu. Nilipoondoka alikuwa amepanda ngazi, anapima kwa macho bati la jiko lake, kama linafaa kuanikia.