Neno la leo: Nafasi

Kwenye mteremko wa barabara ya Kobero kwenda Muyinga, nchini Burundi, utingo humwambia dereva: "Kaka, acha nafasi!" Hapo nafasi ni mita. Wakifika Gitega simu ikaita, dereva hujibu: "Bosi, sina nafasi." Hapo ni dakika. Kirundi nacho kina umwanya, wenye maana zote mbili.

Maana hizo mbili zipo hata relini. Reli za kwanza za Uingereza zilitenganisha treni kwa dakika. Ya mbele ikiharibika njiani, saa haikujua. Ndipo wakahamia kwenye mita. Katika treni za chini ya ardhi (London walianza 1863), mfumo uliozoeleka ni kugawa njia vipande. Treni ikiwa ndani ya kipande, magurudumu ya chuma huunganisha reli mbili, umeme mdogo unaopita humo haukifikii kifaa cha taa, na taa ya nyuma yake hubaki nyekundu. Hata umeme ukikatika wenyewe, ni nyekundu vilevile. Utingo hodari huyo!

Reli ya kisasa kutoka Uvinza, Tanzania, imepangwa kupita Musongati hadi Gitega. Watakaoandika kanuni zake kwa Kiswahili, tafadhali msituletee "gepu". Andikeni nafasi, na mtaje kama ni ya mita au ya dakika.