i386, amd64, arm64: ipi ni ya mashine yako?

Wadau, juzi nusura nilie. Nimekaa kafe masaa kibao nashusha Linux, nikaitia kwenye flashi vizuri kabisa. Kufika nyumbani, PC haiwaki nayo. Kumbe nilibeba faili la arm64, na PC yangu ni ya Intel! Hela ya kafe ndo ikaenda hivyo. Yasikukute.

Iko hivi. Kila aina ya prosesa ina lugha yake. Programu ikishageuzwa kuwa lugha ya prosesa moja, nyingine haiielewi ng'o.

Sasa mbona Linux ipo kwenye PC na kwenye simu? Ujanja ni wa zamani. Mifumo endeshi mingi iliandikwa kwa lugha ya mashine moja. Ukibadili mashine, unaandika upya. Mwaka 1973 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs wakaiandika Unix kwa lugha ya C. Kompaila ndo inaigeuza C kwenda lugha ya prosesa unayotaka. Kinachobaki kuandikwa upya ni sehemu ndogo inayogusa mashine yenyewe.

Linux haikuanza hivyo. Linus Torvalds alipoitangaza Agosti 1991 alisema wazi kuwa haihamishiki, imeshikamana na chipu ya 386. Lakini mwaka 1995 toleo la 1.2 likaja na Alpha, SPARC na MIPS. Leo keneli hiyo ndo imo ndani ya Android. Na ile 386 ilikozaliwa? Ilitupwa nje kwenye toleo la 3.8, mwaka 2013!

Kwa hiyo kabla hujashusha, soma jina la faili:

- i386: PC za zamani za biti 32. Limebaki jina tu.
- amd64 au x86_64: PC za biti 64. Usidanganyike na jina, za Intel pia ni humu. AMD ndo walianza, 2003.
- arm64 au aarch64: simu nyingi, Raspberry Pi za karibuni, Mac zenye chipu za Apple tangu 2020. Hapa angalia na kifaa chenyewe, maana la kifaa kimoja si lazima liwake kwenye kingine.

Hujui yako? Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na Pause, usome aina ya prosesa, siyo ya Windows tu. Kwenye Linux andika uname -m.

Nani mwingine yamemkuta? Tupia maoni hapo chini, na nikikosea nirekebisheni.