Kasi Ndiyo Kesi: Historia ya His Girl Friday

Kuna filamu ya mwaka 1940 ambayo ukiiweka leo utadhani simu yako imejiongeza spidi. Inaitwa His Girl Friday. Aliyeiongoza ni Howard Hawks, na waigizaji wakuu ni Cary Grant na Rosalind Russell. Haina rangi, na sehemu kubwa yake inafanyika ndani ya chumba kimoja kilichojaa simu na maripota. Lakini mdomo, wueh! Huyu hajamaliza sentensi, yule ashaingilia, na wa tatu anapiga kelele kwa simu.

Wengi huisifu kwa hiyo kasi halafu wanaishia hapo. Mimi naona kasi ndiyo kesi yenyewe.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1928, Ben Hecht na Charles MacArthur, wote wawili waliowahi kuwa maripota Chicago, walitoa mchezo wa jukwaani uitwao The Front Page. Ulitamba Broadway, na mwaka 1931 ukawa filamu. Humo, mhariri Walter Burns anapambana kumzuia ripota wake bora, Hildy Johnson, asiache kazi akaoe. Wote ni wanaume. Hawks alipouchukua mchezo huo, akamgeuza Hildy kuwa mwanamke, tena mke wa zamani wa Walter. Basi ugomvi wa kazi ukawa pia ugomvi wa ndoa.

Waigizaji kadhaa wenye majina waliikataa nafasi ya Hildy kabla haijamfikia Russell. Na alipoona Grant ndiye mwenye mistari mitamu, alimlipa mwandishi wa matangazo kisirisiri amtungie yake. Alikuja kulisimulia hilo mwenyewe. Matokeo? Mwaka 1940, mwanamke anaingia chumba cha wanaume na hakuna anayeuliza kama anaiweza kazi. Wanajua anawashinda.

Sasa sikiza ni kicheko cha nini. Nje ya dirisha la maripota, watu wanajaribu mtambo wa kunyongea. Earl Williams, karani aliyefutwa kazi, amemuua polisi mweusi. Meya na sherifu wanataka anyongwe haraka kwa sababu uchaguzi umekaribia na wanataka kura za watu weusi. Gavana anapotuma amri ya kusitisha hukumu, meya anajaribu kumnunua mjumbe kwa kazi ya serikali ili barua isifike. Mkenya, hapo sidhani unahitaji tafsiri.

Halafu kuna Mollie Malloy. Alimhurumia Earl, basi magazeti yakamwandika kuwa mpenzi wake. Anakuja kwa maripota kulalamika, nao wanaendelea kucheza karata wakimdhihaki. Hildy ndiye anayemshika mkono na kumtoa nje. Mlango ukifungwa, chumba kinanyamaza. Katika filamu ambayo haipumui, kile kimya kinakugonga kuliko tusi.

Lakini hakidumu. Earl anatoroka, Hildy anampata na kumficha ndani ya dawati, na kutoka hapo hata yeye anasahau kila kitu isipokuwa habari. Maripota wakikaribia kugundua siri, Mollie anajirusha dirishani ili kuwapoteza. Wanachungulia, wanaona bado anasogea, wanakimbia nje. Kesho yake wataandika. Sisi hatumwoni tena. Walter naye yuko kwa simu, anaamrisha tetemeko la China litolewe ukurasa wa kwanza hata kama waliokufa ni milioni, na Hitler apelekwe ukurasa wa vichekesho. Kumbuka vita vya Ulaya vilikuwa vimeanza miezi michache tu kabla filamu itoke.

Na wewe unacheka. Hapo ndipo Hawks anatushika. Tumebebwa na spidi hadi mwanamke ameruka dirishani na tunangoja utani unaofuata, sawa tu na wale maripota. Ukweli mwishowe unashinda, ndiyo, lakini kwa sababu mjumbe mmoja alikataa kununuliwa. Sio kwa sababu kuna aliyepunguza mwendo akafikiri.

Sisi tunaoishi kwa kuposti kabla ya mwenzetu hatuna haki ya kuwacheka wale jamaa na kofia zao. Tofauti yetu nao ni kwamba wao walilazimika kupigania laini ya simu.

Mwaka 1993 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka filamu hii katika orodha ya zile za kuhifadhiwa. Hatimiliki yake haikufanywa upya, kwa hivyo huko Marekani ni mali ya umma na kuipata si kazi. Itazame. Ukifika pale Mollie anaporuka, bonyeza pozi kidogo, kwa sababu filamu yenyewe haitakungoja. Kisha jiulize: mara ya mwisho uliposambaza habari ya mtu mbio mbio, ulirudi kuuliza alifikia wapi?